Viza ya kazi: karatasi ni ya nani?

Leo tuweke kando seva, programu na bei ya intaneti, tuongee historia kidogo. Historia yenyewe ni ya karatasi ambayo watengenezaji wengi wa programu hapa nchini wameiota angalau mara moja: viza ya kazi ya Marekani, ile inayoitwa H-1B.

Swali ambalo vijana wanaomaliza chuo huniuliza mara kwa mara ni hili: "Nitaombaje H-1B?" Jibu fupi ni kwamba huiombi wewe. Hakuna fomu ya H-1B ambayo Mkenya anaweza kuijaza mwenyewe, akailipia na kuipeleka ubalozini Gigiri ili apewe haki ya kufanya kazi. Anayeomba ni kampuni iliyoko Marekani. Kampuni ndiyo inayojaza, kampuni ndiyo inayotia saini, na ombi likikubaliwa taarifa hupelekewa kampuni. Wewe unaingia baadaye, ukiwa na nakala ya taarifa hiyo mkononi, kwenda kuomba muhuri wa viza kwenye pasipoti.

Kwa lugha yetu sisi watu wa hifadhidata: ukifungua mfumo huu ukatazama jedwali lake kuu, utaona kuwa ufunguo wa jedwali si mtu. Ufunguo ni ombi la mwajiri. Mtu ni safu moja tu ndani ya ombi hilo, sawa na cheo na mshahara.

Karibu mambo yote yanayowapata watu wenye viza hii, matamu na machungu, yanatokana na uamuzi huo mmoja. Na uamuzi huo haukushuka kutoka mbinguni. Una historia ndefu, tena yenye kinaya, kwa sababu kulikuwa na wakati ambapo kwenda Marekani ukiwa tayari umeahidiwa kazi lilikuwa kosa la kisheria. Naam, umesoma vizuri. Kosa!

Wakati kazi ilipokuwa kosa

Turudi hadi miaka ya 1880. Viwanda na migodi ya Marekani ilikuwa na njaa ya wafanyakazi. Mawakala walikuwa wakienda Italia, Hungaria na kwingineko Ulaya, wanawaandikisha watu mikataba huko huko kwao, wanawalipia nauli ya meli, kisha nauli hiyo inakatwa kwenye mshahara. Mtu alifika akiwa tayari na deni, hajui Kiingereza, na amefungwa kwa bwana mmoja. Mara nyingine alijikuta ameletwa kuchukua nafasi za watu waliogoma, bila yeye mwenyewe kujua kwamba kuna mgomo.

Vyama vya wafanyakazi, hasa Knights of Labor, vilipiga kelele. Tarehe 26 Februari 1885 Rais Chester Arthur alitia saini sheria iliyotokana na mswada wa mbunge Martin Foran wa Ohio. Sheria hiyo ilikataza mtu au kampuni kumlipia mgeni nauli au kumleta kwa mkataba wa kazi uliofungwa kabla hajaondoka kwao. Mkataba wa namna hiyo ulihesabiwa kuwa batili, na aliyevunja sheria alitozwa faini ya dola 1,000 kwa kila mtu aliyemleta. Waliosamehewa walikuwa wachache: waigizaji, waimbaji, wahadhiri, watumishi wa nyumbani, pamoja na mafundi wa kiwanda kipya ambacho ujuzi wake haukupatikana Marekani.

Sheria hiyo ilizaa vituko. Kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, kilipofunguliwa mwaka 1892, afisa alimuuliza mgeni: je, una kazi inayokusubiri? Ukijibu ndiyo, ungeweza kurudishwa ulikotoka. Ukijibu hapana, bado ulitakiwa kumridhisha kwamba hutakuwa mzigo kwa serikali. Yaani uonyeshe kuwa una nguvu za kufanya kazi, lakini uape kwamba kazi yenyewe huna!

Hata kanisa halikupona. Mwaka 1887 kanisa la Holy Trinity la jijini New York lilimwajiri kasisi kutoka Uingereza. Serikali ikalishtaki kwa kuleta mfanyakazi wa mkataba. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1892 majaji wakaamua kwamba Kongresi, ilipotunga sheria ile, haikuwa na nia ya kuzuia makasisi.

Tusidanganyane. Sheria ya 1885 haikuwa na huruma tupu ndani yake. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1882, nchi hiyo hiyo ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina kwa sababu ya asili yao, na chuki kwa wageni ilikuwa jambo la kawaida. Hata hivyo, sheria ya Foran ilibeba wazo moja ambalo nataka ulishike tunapoendelea: mtu aliyefungwa kwa mwajiri mmoja kabla hajafika hana nguvu ya kudai haki yake, na unyonge wake unashusha mishahara ya wote wanaofanya kazi kando yake.

Sisi tunalijua jambo hili

Mkenya hahitaji kwenda Ohio ili kulielewa wazo hilo. Hapa kwetu serikali ya kikoloni ilishika upande wa pili kabisa. Mwaka 1915 ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande: karatasi yenye jina lake, alikotoka, alama za vidole, na jina la mwajiri pamoja na tarehe za kuajiriwa na kuachishwa. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma.

Karatasi hiyo ilimfunga mtu kwa njia rahisi. Mwajiri ndiye aliyetia saini kwamba amekuachilia. Ukiondoka bila saini, ulikuwa mtoro, na karatasi yako mwenyewe ndiyo iliyotoa ushahidi dhidi yako mahali popote uliposimamishwa. Ndiyo maana kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake mwaka 1921, mwaka mmoja kabla ya kukamatwa kwake na watu kupigwa risasi Nairobi mnamo Machi 1922. Mwaka 1947 utaratibu huo ulibadilishwa ukawa uandikishaji wa watu wa rangi zote. Lakini neno limebaki. Hata leo mtu akipoteza kitambulisho husema amepoteza kipande.

Sisemi kwamba mhandisi wa Seattle mwenye mshahara mnono ni sawa na kibarua wa shamba la mzungu. Huyo wa Seattle alikwenda kwa hiari, ana mahakama, na anaweza kupanda ndege kurudi nyumbani. Ninachosema ni kwamba ukikutana na karatasi yoyote ya kazi, ya zamani au ya sasa, uliza jambo lile lile: nani anaishika, na nini kinatokea siku unapotaka kuondoka?

Jinsi H ilivyozaliwa

Marekani yenyewe ilianza kulegeza marufuku yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mashamba yalikosa watu, na mwaka 1942 serikali ikakubaliana na Mexico kuleta wafanyakazi wa muda, walioitwa bracero. Mpango huo uliendelea hadi 1964, na takribani mikataba milioni 4.6 ilitiwa saini. Hapa sasa mkataba ule uliokuwa kosa ukawa ndio tiketi yenyewe. Bracero alifungwa kwa mwajiri aliyetajwa kwenye mkataba. Katika miaka ya mwanzo asilimia 10 ya mshahara ilikatwa kama akiba ya kulipwa atakaporudi kwao, na wengi hawakuiona pesa hiyo hadi wakazeeka.

Kisha ikaja sheria kuu ya uhamiaji ya 1952. Rais Harry Truman aliikataa, Kongresi ikaipitisha kwa nguvu mwezi huo huo wa Juni. Sheria hiyo ndiyo iliyofuta marufuku ya zamani ya kazi ya mkataba. Pia ilipanga wageni wa muda kwa herufi: A wanadiplomasia, B watalii na wageni wa biashara, C wapita njia, D mabaharia, na kuendelea hivyo. F wakawa wanafunzi. H wakawa wafanyakazi. Kwa hivyo wale wanaotafuta siri ndani ya herufi H, hakuna siri. Ni nafasi yake tu kwenye orodha.

H-1 ya mwaka 1952 ilikuwa ya watu wa sifa na uwezo wa kipekee, tena kwa kazi ya muda mfupi. Mwaka 1970 sharti la kazi yenyewe kuwa ya muda likaondolewa. Sasa kampuni iliweza kumleta mtu wa muda katika nafasi ya kudumu. Ni badiliko la maneno machache tu, lakini bila hilo hakungekuwa na mhandisi wa programu anayekaa kwenye dawati moja miaka sita huku sheria ikimwita mgeni.

Na ile B ilitoka wapi? Mwaka 1989 kulikuwa na uhaba mkubwa wa wauguzi. Kongresi ikatunga sheria ya kuwasaidia, ikawapa kikundi chao: H-1A. Waliobaki wote wakawa H-1B. Kikundi cha wauguzi kilikufa mwaka 1995, lakini B imebaki hadi leo, kama jina la faili la zamani ambalo hakuna anayethubutu kulibadilisha.

Mwaka 1990: sheria moja, majedwali mawili

H-1B tunayoijua ilitokana na sheria ya uhamiaji ambayo Rais George H. W. Bush aliitia saini tarehe 29 Novemba 1990. Iliweka mambo manne ya msingi. Kwanza, kazi lazima iwe inayohitaji shahada au ujuzi unaolingana nayo. Pili, kikomo cha viza mpya 65,000 kwa mwaka. Tatu, mwajiri lazima aahidi mbele ya Wizara ya Kazi kwamba atalipa mshahara usiopungua ule wa kawaida wa kazi hiyo mahali hapo. Nne, muda wa juu ni miaka sita.

Kulikuwa na jambo la tano, na ni zuri. Mtu anayeomba viza ya utalii au ya masomo huchukuliwa kwamba ana nia ya kuhamia hadi athibitishe vinginevyo. Wengi wetu tunawajua watu waliorudi kutoka Gigiri na karatasi ya kukataliwa kwa sababu hiyo. Sheria ya 1990 ilimwondolea mtu wa H-1B mzigo huo. Anaruhusiwa kuja kwa muda na wakati huo huo kutafuta ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani.

Sasa tazama. Sheria hiyo hiyo ya 1990 ndiyo iliyozaa bahati nasibu ya kadi ya kijani, ambayo ilianza rasmi katika mwaka wa fedha wa 1995. Wakenya wengi waliingia Marekani kupitia mlango huo. Katika bahati nasibu ile ufunguo wa jedwali ulikuwa mtu. Mtu mwenyewe alijaza jina lake, na akishinda, haki ya kukaa ikawa yake. Aliweza kufanya kazi ghalani leo, kusoma uuguzi kesho, kufukuzwa kazi na kutafuta nyingine, bila kuomba ruhusa ya bosi.

Majedwali mawili, sheria moja, mwaka mmoja. Aliyeshinda bahati nasibu akiwa na elimu ya sekondari alipata uhuru ambao mwenye shahada mbili na H-1B hakuwa nao.

Kisa cha Satya Nadella

Lakini mambo hayakwenda upande mmoja tu, na kisa cha mkuu wa sasa wa Microsoft kinaonyesha hivyo. Satya Nadella alijiunga na kampuni hiyo mwaka 1992, na alikuwa na kadi ya kijani. Akaoa nyumbani kwao India. Sheria ilisema mke wa mwenye kadi ya kijani asubiri foleni ya miaka. Lakini mke wa mwenye H-1B, mgeni wa muda, angeweza kuja mara moja!

Kwa hivyo mwaka 1994 Nadella alikwenda ubalozi wa Marekani mjini New Delhi akarudisha kadi yake ya kijani, kitu ambacho wengine walikuwa tayari kukilalia mlangoni, na badala yake akaomba H-1B. Ameyaeleza hayo mwenyewe katika kitabu chake cha 2017. Alikubali karatasi iliyo dhaifu zaidi ili aishi na mkewe. Mwaka 2014 akawa mkuu wa kampuni nzima.

Kisa hiki kinapendwa sana. Mimi nakisoma kwa namna nyingine kidogo. Kinaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa hodari kiasi chochote, lakini bado atapanga ndoa yake kulingana na aya za sheria ya uhamiaji.

Hofu ya mwaka 2000, kisha foleni

Miaka ya mwanzo kikomo cha 65,000 hakikujaa. Kilifikiwa kwa mara ya kwanza katika mwaka wa fedha wa 1997. Mnakumbuka Y2K? Programu za zamani zilizohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili zilihitaji kukaguliwa mstari kwa mstari kabla ya Januari 2000, na wakati huo huo kampuni za intaneti zilikuwa zikichipuka kama uyoga. India ilikuwa na wahandisi wengi wanaojua Kiingereza, na kampuni kama Tata Consultancy Services na Infosys zilikuwa tayari kuwapeleka.

Hapo pia uchafu ulianza kuonekana. Kulikuwa na mawakala waliomleta mtu kisha wakamweka akisubiri kazi bila kumlipa senti. Wengine walimtoza faini akitaka kuwaacha. Ilibidi sheria ya 1998 itamke waziwazi kwamba mwajiri lazima amlipe mtu hata wakati hana kazi ya kumpa, na kwamba hawezi kumtoza adhabu kwa kuondoka mapema. Sheria haitungwi kukataza jambo ambalo halifanyiki.

Sheria hiyo ya 1998 ilipandisha kikomo hadi 115,000 kwa muda. Nyingine ya Oktoba 2000 ikakifikisha 195,000 kwa miaka mitatu, ikavisamehe vyuo vikuu kikomo hicho, na ikafanya jambo kubwa kuliko hayo yote: mwenye H-1B aliruhusiwa kuanza kazi kwa mwajiri mpya mara tu mwajiri huyo anapowasilisha ombi, bila kusubiri lijibiwe. Kamba ikalegezwa kidogo.

Lakini kamba nyingine ilikuwa inakaza. Kadi za kijani za kazi ni takribani 140,000 kwa mwaka, na kwa kawaida watu wa nchi moja hawapaswi kuzidi asilimia 7. Kanuni hiyo haijali ukubwa wa nchi. Ndiyo maana Mhindi anaweza kusubiri miongo, wakati Mkenya mwenye sifa zile zile husubiri muda mfupi zaidi. Sheria ya 2000 ilimruhusu anayesubiri aongezewe muda baada ya ile miaka sita. Ilikuwa huruma, lakini matokeo yake ni watu waliokaa miaka 15 na zaidi wakiwa wageni wa muda, na watoto wao wakikua nchini humo.

Bahati nasibu yenye hitilafu

Mwaka wa fedha wa 2004 kikomo kikarudi 65,000. Sheria ya mwaka huo ikaongeza nafasi 20,000 kwa waliosomea shahada ya uzamili Marekani, na tangu hapo jumla imebaki 85,000. Mahitaji hayakurudi nyuma. Mwezi Machi 2007 Bill Gates alifika mbele ya kamati ya Seneti kuomba milango ifunguliwe zaidi. Mwezi uliofuata, katika siku mbili za kwanza za kupokea maombi, zilifika bahasha zaidi ya 120,000. Ikabidi tarakilishi ichague kwa kura.

Mwezi Machi 2020 bahasha ziliondolewa. Kampuni ikajiandikisha kwenye tovuti kwa dola 10 tu kwa kila mtu, na waliochaguliwa peke yao ndio waliowasilisha ombi kamili. Ni wazo zuri la kuokoa karatasi. Lakini kumbuka lile jedwali letu! Ufunguo ulikuwa uandikishaji wa mwajiri, si mtu. Kampuni tano zikimwandika mtu mmoja, alihesabiwa mara tano. Kwa mwaka wa fedha wa 2024 ziliingia karatasi za kura 780,884, na zaidi ya nusu ya zilizokubalika zilikuwa za watu walioandikwa zaidi ya mara moja. Aliyecheza kwa uaminifu, akiwa na mwajiri mmoja, alipunjwa.

Marekebisho yalikuja mwaka 2024, na mtengenezaji yeyote wa programu angeyabuni dakika ya kwanza: kila mtu ahesabiwe mara moja kwa namba ya pasipoti yake. Idadi ikashuka hadi karibu 480,000. Ilichukua nchi yenye Silicon Valley miaka minne kubadilisha ufunguo wa jedwali moja. Na ni kwenye kura tu. Ukishachaguliwa, ombi linabaki la mwajiri.

Kisha Septemba 2025 Rais Donald Trump akatia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa ombi jipya la mtu aliye nje ya Marekani. Kwa pesa zetu wakati huo ilikuwa karibu shilingi milioni 13. Kesi zikafunguliwa mahakamani mwezi uliofuata. Angalia aliyekuwa akitozwa: mwajiri. Hata ukuta ulipojengwa, ulijengwa juu ya jedwali lile lile.

Na sisi je?

Kabla hatujawanyoshea Wamarekani kidole, tujitazame. Kibali cha kazi cha daraja D hapa Kenya, chini ya sheria yetu ya 2011, pia hutolewa kwa mtu kufanya kazi maalumu kwa mwajiri maalumu. Mhandisi wa India anayekuja Nairobi hawezi kuhamia kampuni ya jirani kwa kupeana mikono tu. Na kule Ghuba, ambako dada na kaka zetu wengi wamekwenda kufanya kazi za nyumbani, udereva na ulinzi, wazo hilo lilikuwa na jina lake, kafala, na ukali wake umewagharimu wengi. Qatar iliondoa sharti la ruhusa ya mwajiri kwa anayebadilisha kazi mwaka 2020. Ni wazo lile lile kwa viwango tofauti vya ukali: haki ya kukaa nchini imefungwa kwenye mkono wa mtu anayekulipa mshahara.

Nadhani sasa mnaona kinaya chote. Mwaka 1885 Marekani ilisema mfanyakazi aliyefungwa ni hatari kwa wote, kwa hivyo asiingie. Mwaka 1990 ilisema hakuna kuingia kwa mlango huu bila kufungwa. Hofu ile ya zamani ya mishahara kushuka haikuondoka, ila dawa yake iligeuzwa juu chini. Na kila marekebisho ya maana yaliyofuata, ya 1998, ya 2000, ya 2024, yamekuwa ni jitihada ya kurudisha kwa mtu kidogo kile ambacho jedwali lilimpa mwajiri.

Kwa hivyo kijana, ukipata nafasi, nenda. Simkatazi mtu. Lakini nenda ukijua unachokishika. Uliza haya kabla hujatia saini:

Nani analipa gharama za ombi? Gharama hizo ni za mwajiri, na kuna ada ambayo sheria inakataza kabisa mfanyakazi kuilipa. Mtu akikuuzia nafasi ya H-1B hapa mjini, kimbia.

Nikipoteza kazi itakuwaje? Tangu Januari 2017 kanuni inatoa hadi siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine au kuondoka. Weka akiba ukizihesabu siku hizo.

Mwenzangu ataweza kufanya kazi? Mke au mume wa mwenye H-1B haruhusiwi moja kwa moja. Kanuni ya 2015 ilifungua mlango kwa wale tu ambao wenzao wamefika mbali kwenye safari ya kadi ya kijani.

Je, kampuni itaniombea kadi ya kijani, na lini? Lipate jibu kwa maandishi. Hiyo ndiyo siku ambayo ufunguo unaanza kuwa wewe.

Na kama wewe ni mtafiti, kumbuka vyuo vikuu havimo kwenye kura.

Babu zetu walijua kusoma kipande hata kabla ya kujua kusoma herufi, kwa sababu walijua saini ya nani ndiyo iliyokuwa na uzito. Sisi tunaosoma herufi na misimbo tusishindwe kuisoma karatasi hii.

Walio majuu ambao wameupitia mlango huu, tuelezeni uzoefu wenu. Hadi wakati mwingine, kwaherini.